Leso ya Upepo

Upepo wa River Road si upepo wa bwawani, na wenye mashua walipoteza Jumamosi nyingi kabla ya kulielewa jambo hilo.

Gurmeet Singh alikuwa na duka la misumari na rangi pale River Road, tena ndiye mwenyekiti wa klabu ya mashua za tanga kando ya bwawa, upande wa magharibi wa jiji. Kila Jumamosi saa saba alitoka nje ya duka akatazama moshi wa tanuri la mikate la jirani. Ukiinama, alifunga duka na kuendesha gari kwa furaha, akapita Dagoretti Corner, akafika bwawani na kukuta maji yamelala kama uji uliopoa. Ukisimama wima, alibaki dukani, na jioni Shantilal wa duka la vitambaa alimpigia simu kumsimulia jinsi tanga lilivyojaa mchana kutwa. Wakagombana. Ilifika mahali wakashindwa kukaa meza moja.

Mbithe alikuwa mpishi wa klabu hiyo. Ndiye aliyewapelekea chai na kusikia ugomvi wao, na mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne akachoka kuusikia. Akamwambia Gurmeet kwamba, kama angepiga simu klabuni kabla ya kufunga duka, angeambiwa upepo ulivyo. Gurmeet akamuuliza atajuaje naye hajawahi kukanyaga mashua. Mbithe akamwonyesha kamba ya nguo.

Pale mwisho wa kamba, upande wa maji, palikuwa na leso yake kuukuu ya jikoni. Aliifua kila siku alfajiri kwa sababu ya mafuta na masizi, akaibana kwa vibanio viwili. Alikuwa ameitazama miaka mingi akikatakata vitunguu dirishani, na kila alipoitazama aliyatazama na maji nyuma yake. Leso ikilala, mashua hazitoki. Ikiamka, wanaojifunza wanaweza kwenda. Ikicheza, hiyo ndiyo siku ya wenye mashua. Ikianza kupiga kofi, ni wale mabingwa tu. Na kupita hapo, mtu akae nyumbani kwake na watoto wake.

Basi huduma ya upepo ikaanza hivyo. Simu ikawekwa karibu na dirisha la jikoni, na Mbithe akapewa chumba cha nyuma ili awepo alfajiri hadi jioni. Chumba kilikuwa na dirisha na mlango wenye kufuli. Tangu azaliwe hakuwahi kulala mahali ambapo ufunguo ulikuwa wake peke yake. Wafanyabiashara wa mjini wakazoea kupiga simu, kumwita kwa jina la binti yake na kuuliza, "Mama Nthenya, leso inasemaje?" Naye akawajibu kwa neno moja, akarudi kwenye sufuria yake. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa pili hakuna aliyefunga duka bila kumuuliza.

Miaka saba ikapita hivyo, ndipo Ngui akaja.

Ngui aliajiriwa kuwa karani wa klabu. Alikuwa kijana wa Machakos, amemaliza kidato cha sita, na shati lake lilikuwa na kalamu tatu mfukoni. Mbithe alifurahi kusikia ni mtu wa kwao. Siku ya kwanza alimwekea chai na mayai, akingoja amwite mwaitu, yaani mama yangu, kama kijana yeyote wa Ukambani angemwita mwanamke wa umri ule. Ngui akanywa chai, akasema sukari ni nyingi, akamwita "wewe mama". Tangu siku hiyo Mbithe alimwekea chai bila sukari kabisa, na Ngui akainywa hivyo hivyo bila kusema kitu. Vita vyao vilianza kwa kikombe.

Ngui hakuweza kuvumilia kwamba mabwana wenye magari wanauliza leso. Aliwaambia wajumbe wa kamati ya klabu kwamba klabu za Ulaya hupima upepo kwa kilomita kwa saa. Akaazima kwa rafiki yake kipimo kidogo cha mkononi, chenye vikombe vitatu vinavyozunguka, akapewa kwa mwezi mmoja tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alisimama chini ya kamba ya nguo, kipimo mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Leso ikicheza anaandika, ikipiga kofi anaandika. Mwezi ulipoisha alirudisha kipimo, akapiga karatasi moja kwa taipureta na kuibandika juu ya simu. Kulala, kilomita tatu. Kuamka, nane. Kucheza, kumi na mbili. Kupiga kofi, kumi na nane.

"Sasa hata askari wa lango anaweza kufanya hii kazi," akawaambia wajumbe, Mbithe akiwa pale pale na sinia.

Shantilal akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema kumbe miaka saba yote waheshimiwa wamekuwa wakiongozwa na nguo za ndani za mpishi. Wenzake wakacheka. Gurmeet hakucheka, lakini alipoletewa barua alitia sahihi. Barua ilisema kwamba kuanzia sasa simu itakuwa mkononi mwa karani, na mwisho wa Februari chumba cha nyuma, kwa kuwa ni cha mtu wa simu, kitakuwa chake pia. Mbithe angeendelea kupika, akitokea kwa binti yake Nthenya huko mtaa wa Satellite, kwenye vyumba viwili vyenye watu saba.

Jioni hiyo Mbithe alisimama mbele ya karatasi ya Ngui. Alikuwa amesoma hadi darasa la tatu, na kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata kidole. Alisoma maneno, akasoma namba, akafika pembeni pale Ngui alipoandika saa za kupima. Saa nane. Saa tisa. Saa nane. Saa nane na nusu. Kidole kikasimama.

Saa nane leso huwa imekauka zamani. Leso kavu ni nyepesi, hata upepo wa kawaida unaitandika. Asubuhi ni kitu kingine. Asubuhi leso imetoka kwenye karai, imelewa maji, na ili iinuke na kupiga kofi inahitaji upepo wa kung'oa mabati. Mbithe mwenyewe alilijua hilo bila kulifikiria. Asubuhi leso mbichi ikiamka, yeye alisema inacheza. Ikicheza, alisema inapiga kofi. Ikipiga kofi, alisema msije. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kuona kuna cha kueleza. Nani hajui kwamba nguo mbichi ni nzito?

Akageuka amwambie Ngui. Ngui alikuwa kwenye chumba cha nyuma, mlango wazi, anakipima kwa hatua, anaangalia kitanda kitakaa wapi.

"Ile karatasi yako," Mbithe akaanza.

"Wewe mama, kazi yako ni kuanika," Ngui akasema bila kugeuka. "Mambo ya kusoma tuachie sisi tuliosoma."

Mbithe akafunga mdomo. Na akiwa ameufunga hivyo alihisi kitu kigumu kikikaa vizuri kifuani, kama jiwe la kusagia linapopata mahali pake. Haya, akajisemea. Someni.

Alinyamaza wiki tatu. Alipika, akafua, akaanika. Asubuhi za wiki hizo upepo ulikuwa mdogo, karatasi haikumwaibisha mwenyewe, na Ngui akazidi kunenepa maneno. Mbithe alikuwa na subira. Watu hufikiri subira ni upole. Subira ya Mbithe wiki hizo ilikuwa kama ya paka mbele ya shimo.

Mashindano ya mwaka yakafika, Jumamosi ya mwisho ya Februari. Kwa kawaida mashua zilitoka mchana, lakini Ngui alitaka wageni wamalize mapema wapate kula, kwa hiyo akapanga mwanzo uwe saa mbili asubuhi. Mbithe aliamka saa kumi na moja, akafua, akaanika leso ikitiririka maji. Saa moja, ikiwa bado imelowa kwa umande, ilianza kupiga kofi. Haikupepea tu. Ilipiga kofi kama mtu mwenye haki anavyompiga aliyemkosea.

Ngui akachungulia dirishani, akatazama karatasi, akapokea simu moja baada ya nyingine. Kilomita kumi na nane, aliwaambia. Upepo wa mabingwa, nasi tuna mashindano, karibuni.

Shantilal alikuwa wa kwanza kushusha mashua. Alikuwa mtu mzima, mnene, na mashua yake ilikuwa ndogo. Alipopita jikoni alimpungia Mbithe mkono, akamuuliza nguo zake za ndani zinasemaje leo. Mbithe akaendelea kusukuma chapati. Alimwona akisukuma mashua majini, akaliona tanga likijaa mara moja na kutoa mlio. Akasukuma chapati nyingine. Huyu ameuza vitambaa miaka thelathini, akawaza, ameshika vibichi na vikavu kuliko mimi, na hakuona. Mwache.

Chapati ya tatu ikamshinda. Ilikuwa ile namna Shantilal alivyovaa jaketi la kuokolea, halijafungwa, linaning'inia kama la mtoto anayekimbilia shuleni. Mbithe akaacha kifimbo cha kusukumia juu ya kibao, akatoka nje, akang'oa leso kwenye kamba na kuingia nayo mbio hadi kwenye simu. Gurmeet alikuwa amesimama pale na Ngui. Mbithe akaitupa leso juu ya karatasi. Maji yakaruka hadi kwenye kalamu tatu za Ngui.

"Shika," akamwambia Gurmeet. "Shika uone uzito. Yeye alipima ikiwa kavu. Hii ni mbichi na bado inapiga kofi. Mzee, muite huyo mtu arudi."

Ngui akaanza kusema kwamba huyu mama ana wivu. Gurmeet hakumsikiliza. Alikuwa ameiinua leso kwa mkono mmoja, na mtu wa misumari anajua uzito. Akakimbia gatini akipiga filimbi, lakini Shantilal alikuwa amepita katikati ya bwawa, na upepo ukaikunja mashua yake kama mtu anavyofunga kitabu. Boti ya injini ikamfuata. Wakamtoa akitapika maji, mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko, na jaketi lake likielea mbali peke yake.

Alipopelekwa hospitalini, Gurmeet alirudi ndani na suruali iliyolowa hadi magotini. Akawakalisha Mbithe na Ngui.

"Mama Nthenya. Hii kitu ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Ngui mwenyewe alikuwa akingoja aseme leo, na hakuna ambaye angebisha.

"Wiki tatu," akasema Mbithe. "Siku ile alibandika karatasi."

"Na ukanyamaza."

"Niliambiwa kazi yangu ni kuanika. Na barua ulitia sahihi wewe."

Gurmeet akainama akakamua maji ya suruali. Akasema mjinga anaweza kufundishwa, lakini mtu anayejua na kunyamaza, yeye kama mwenyekiti hawezi kumweka kwenye simu wala jikoni. Ngui akaambiwa arudi kwenye taipureta yake na asiguse tena mambo ya upepo. Mbithe akaambiwa aondoke siku hiyo hiyo. Akafunga godoro lake, akaacha ufunguo mlangoni.

Wiki iliyofuata alibeba mayai kumi na mawili hadi nyumbani kwa Shantilal, akamwomba msamaha kwa ajili ya mkono wake. Shantilal akayapokea kwa mkono ulio mzima. Hakumkaribisha aketi, na Mbithe hakutegemea.

Gurmeet alikuja Satellite katikati ya Aprili, akauliza njia kwenye kioski, akasimama langoni. Alimwambia kwamba simu inalia hakuna wa kuipokea. Watu wamerudia kutazama moshi. Wameanza kugombana tena, wengine wameacha kulipia uanachama. Chumba kipo, hakuna aliyekiingia, na ufunguo huu hapa. Kitu kimoja tu, aje Jumapili asimame mbele ya wanachama aombe msamaha kwa zile wiki tatu.

Mbithe akautazama ufunguo kwenye kiganja cha Gurmeet.

"Nitaomba," akasema. "Nilikosa. Na wewe utasimama hapo useme nini?"

"Mimi?"

"Miaka saba nilikuambia upepo. Ukaletewa barua ya kunitoa chumbani, ukaandika jina. Hukuniuliza neno moja. Utawaambia hivyo?"

Gurmeet akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia bei isiyo na maana. Akasema mwenyekiti anatia sahihi karatasi mia kwa mwezi, hawezi kwenda kuomba msamaha kwa kila moja. Mambo yamekwisha, Mama Nthenya. Chukua ufunguo.

"Ulinifukuza kwa kunyamaza, Mzee," akasema Mbithe. "Basi nenda, nikunyamazie vizuri."

Akasukuma lango, akavuta komeo. Vivuli vya viatu vya Gurmeet vikaonekana chini ya bati la lango vikigeuka, kisha gari likawashwa.

Nthenya alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, na alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira.

"Watu wanane kwenye vyumba viwili," akasema. "Na wewe umefukuza chumba."

"Nimesikia," Mbithe akajibu, akampita, akaingia ndani kutafuta pale atakapotandika godoro lake usiku huo.