Nafasi ya Kristiana

Katika darasa la jioni la kompyuta huko Kizwite, Salome alimaliza kuandika skripti, programu fupi ya kutafuta nafasi ya neno ndani ya faili. Faili hilo lilikuwa kitabu cha jubilei ya kigango chao, kitakachochapwa kesho. Alifanya ishara ya msalaba, akaandika "Kristiana", jina la marehemu mama yake, aliyebeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa hadi mimba ikatoka.

Jibu lilikuja: -1.

"Maana yake halipo, mama," alisema mwalimu Alphonce. "Au umekosea. Jaribu neno lingine."

Akaandika "mbuzi", wale walioliwa siku ya kutabaruku kanisa.

4127.

"Limo, herufi ya 4127. Skripti yako nzima kabisa! Hongera, mama."

Salome alianza Salamu Maria, akashindwa kuimaliza.