Kumi Haijafika

Kila alfajiri, pikapu ya marehemu Kipkoech ilipowashwa kwenye kibanda cha mabati pale Munyaka, Chebet alimsikia mumewe huyo akiondoka nyumbani kama zamani.

Injini ikiwa baridi ilikuwa na kelele yake, chuma kikigonga chuma, kra-kra-kra, mpaka oili ipande ndipo itulie. Ni cheni ya taimingi iliyokuwa imechakaa, ile ya ndani kabisa inayofanya injini iende kwa mpangilio. Kwa miaka mingi kelele hiyo ilimwambia Chebet kwamba mzee ameenda Burnt Forest kuchukua maziwa, na yeye anaweza kujifunika blanketi tena kidogo.

Kipkoech alipenda hesabu kupita kiasi. Kila mwisho wa mwezi alisimama kibandani, akahesabu kwa sauti sekunde za ile kelele, kisha akaandika kwa makaa kwenye nguzo. Tatu. Tatu. Nne. "Ikifika kumi, nabadilisha," alisema. Nani alimwambia kumi? Hakuna. Alijipangia tu, kama wanaume wanavyojipangia mambo, na nyumba nzima ikaamini. Nguzo ilipofika sita, moyo wa Kipkoech ulisimama akiwa anafunga mitungi ya maziwa kwa kamba. Alikuwa amelalamikia kifua wiki tatu, na Chebet alimpa chai ya tangawizi. Injini ilikuwa na wa kuihesabia, mwenyewe hakuwa na wa kumhesabia. Chebet hakujisamehe.

Binti yao, Diana, alishika usukani, na mama akashika makaa. Saba. Nane. Tisa. Kisha tisa, na tisa tena, mpaka tisa ikaandikwa miezi mitano mfululizo.

Ukweli ni kwamba Chebet alikuwa akidanganya. Alivuta hesabu. Alisema "saaaba" mpaka pumzi ikamwishia, ilimradi kumi isifike, kwa sababu cheni ikibadilishwa ile kelele itakufa, na Kipkoech ataondoka bila hata kuaga. Lakini hakuwa akihesabu peke yake. Nyuma ya bega lake la kushoto kulikuwa na sauti nzito, aliyoijua, nayo haikudanganya. Yeye akiwa kwenye saba, ile tayari ilikuwa imefika kumi na moja. Aliogopa kugeuka. Na bado kila mwezi alirudi pale pale kuisikiliza.

Siku moja Diana alipeleka gari kwa fundi Zakaria likabadilishwe oili. Zakaria alichungulia oili ya zamani, akaona chembe za chuma na vipande vya plastiki vilivyosagwa na cheni, akatikisa kichwa. Kesho yake kabla jua halijachomoza alikuwa mlangoni, kofia kichwani, maana kelele hiyo husikika tu gari likiwa limelala usiku kucha.

"Mama Diana, hii cheni si ya kungoja," alisema. "Ikikatikia kwa ile kilima ya Burnt Forest, injini inazima hapo hapo. Brek inakuwa ngumu, stering inakuwa ngumu, na nyuma kuna trela. Huyu msichana ataenda wapi?"

"Tunaihesabu, fundi. Ni tisa. Baba Diana alisema kumi."

"Haya. Wacha nisikie."

Zakaria aliwasha. Kra-kra-kra. Chebet akaanza kuhesabu kwa sauti, macho kwenye nguzo. Moja. Mbili. Alipofika sita akaanza kuvuta, na ile sauti ya nyuma ikampita, wazi kuliko siku zote, mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Naaane," alisema. "Tiiisa." Injini ikatulia. Zakaria aliitazama simu yake aliyokuwa akipimia sekunde, kisha akaitazama ardhi. Alikuwa mtu wa heshima.

"Kumi na nne, Mama."

Ni Diana aliyesema, amesimama mlangoni na mtungi mtupu mkononi.

"Hata jana ilikuwa kumi na nne," akaendelea polepole.

Chebet alimtazama. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu Februari."

"Na ukaendesha? Kila siku, kwa kilima ile?"

"Sasa ningefanya aje, Mama?" Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Na mimi humsikia. Nilifikiria ikinyamaza, utabaki na nini?"

Chebet alimwona binti yake kama alivyomwona Kipkoech asubuhi ile ya mwisho, mtungi mkononi, na yeye amesimama kando akijidanganya kwamba bado. Alikwenda kwenye pikapu, akachomoa ufunguo, akamkabidhi Zakaria. Kisha akachukua kitambaa akafuta ile tisa ya mwisho, na juu ya doa jeusi akaandika kumi na nne.

Jioni ya siku ya pili Zakaria alirudisha gari, na kama kawaida ya mafundi, akaleta vyuma vya zamani kwenye gunia ili mwenye gari ajue havikubaki ndani. Alining'iniza cheni mbili kwenye msumari mmoja, ile kuukuu na nyingine mpya ya aina hiyo hiyo aliyoazima dukani. Ile kuukuu ilikuwa imerefuka, ikaning'inia chini kuliko mwenzake. "Ingeweza kwenda mwaka," alisema. "Ama kesho."

Asubuhi iliyofuata Chebet alisimama kibandani na shali yake. Diana aliwasha gari. Likaunguruma mara moja, laini, bila kra hata moja, likatoka getini kuelekea barabara ya Nakuru.

Kwa mazoea, Chebet alianza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu vizuri, bila kuvuta, mpaka kumi na nne. Nyuma ya bega lake la kushoto hapakuwa na mtu.