Mkono Kifuani

Mama alifariki Jumanne ya wiki yangu ya pili kazini, saa nne asubuhi, wakati nikiwafundisha watoto kumi na wanane rangi kwa Kiingereza. Dada alipiga simu mara sita. Simu ilikuwa kwenye kabati la walimu, maana darasani hairuhusiwi. Nilipoishika nilikuwa na rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko.

"Mama katutoka," dada akasema. "Tunazika Alhamisi. Unakuja lini?"

Nikamwambia zikeni. Nilisema hivyo hivyo, zikeni, kama mtu anayeitwa mezani akajibu nyie kuleni. Dada akakata simu, na hakunipigia tena. Simlaumu.

Lakini nieleze, msije mkaniona sina utu. Nilikuwa kwenye majaribio ya mwezi mmoja, nchi ya watu. Karatasi niliyotia saini ilisema wazi: mwalimu wa majaribio akikosa kipindi hata kimoja, majaribio yamekwisha, anarudi kwao. Miaka minne nilisota nyumbani na vyeti vyangu, na mama ndiye aliyenisukuma mpaka nikapanda ndege. "Nenda, usigeuke nyuma," aliniambia. Basi sikugeuka. Nilijiambia nikipita majaribio, nitakuwa nimekosa kumzika mama kwa sababu. Nisipopita, nitakuwa nimekosa bure. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, siku nenda siku rudi.

Wala sikulia. Watu husema machozi yamegoma. Yangu hayakugoma, hayakuripoti kazini kabisa. Nilikula mkate nimesimama, nikapiga nguo pasi, nikaenda kazini nikaimba nyimbo za mabata. Usiku nililala fofofo, jambo lililoniudhi sana. Ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Shule yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vya plastiki vya kunifika magotini, zulia lenye herufi, na upande wa korido dirisha kubwa la kioo, wazazi wasimame watazame wanachokilipia. Mwenye shule tulimwita Madam, mwanamke mfupi, miwani kaifunga kamba shingoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kanuni ya kwanza, darasani ni Kiingereza tu, hata mtoto akidondoka kitini. Ya pili ilikuwa ya mkono. Ukinyoosha mkono mbele, watoto wanasikiliza. Ukiuweka kifuani, wanarudia ulichosema, wote kwa pamoja, na wao mikono vifuani.

"Wana miaka mitano, ukiwaeleza hawakuelewi," alisema. "Lakini mkono wanauelewa."

Kweli waliuelewa. Kufika wiki ya tatu, nikikohoa mkono uko kifuani, darasa zima linakohoa.

Nilikuwa na msaidizi, mama mtu mzima, kazi yake kufuta makamasi na kufunga kamba za viatu. Alikuwa ananiangalia mno kuliko nilivyopenda. "Mwalimu, wewe unaumwa?" aliniuliza siku moja kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Nikamwambia mimi mzima wa afya. Alinisogezea kikombe cha chai, nikakiacha kikapoa.

Ijumaa ya wiki ya nne ndiyo ilikuwa kipindi cha kupimwa. Somo, familia. Kila mtoto aje na picha ya mtu wa kwao. Asubuhi ile, tukipanga viti, msaidizi akanong'ona kwamba Kijino kafiwa na bibi yake, bibi aliyemlea, wamemzika juzi. Kijino ni jina nililompa mimi kimoyomoyo, binti mdogo asiye na meno mawili ya mbele. Nikasema sawa. Nikaendelea kupanga viti.

Wazazi walijaa kwenye kioo. Madam alikaa kona na fomu yake mapajani. Mambo yakaenda vizuri, tena vizuri mno. Huyu ni baba yangu, ni mrefu. Huyu ni kaka yangu, ana baiskeli. Kalamu ya Madam ilikuwa inaweka alama za vema, na mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Ikafika zamu ya Kijino. Akasimama na picha ya bibi mmoja kavaa sweta.

"Huyu ni bibi yangu," akasema kwa Kiingereza.

"Ni mrefu?" nikamsaidia. "Ni mfupi?"

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Hayupo," akasema. Tulikuwa tumejifunza hilo kwa penseli za rangi: nyekundu ipo, bluu haipo. "Bibi yangu hayupo."

Nikatafuta la kumjibu. Kiingereza nilichokisomea miaka yote hiyo kikaniletea neno moja, "sorry", lile lile la mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Sikulitaka. Nikapiga magoti mbele yake, mkono ukaenda wenyewe kifuani, kama unavyokwenda msibani.

"Pole, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. "Pole sana."

Na darasa zima, mikono vifuani, macho kwangu, wakasema, "Pole, mama. Pole sana."

Hakuna aliyekuwa ameniambia neno hilo. Nani angeniambia? Hapa sikumweleza mtu, na nyumbani hawakuwa na pole ya kumpa mtu kama mimi. Nililia. Nililia pale zuliani, kwa sauti, mbele ya kioo, na mkono bado uko kifuani, kwa hiyo watoto watatu wa mbele wakajitahidi kurudia na kilio. Msaidizi ndiye aliyekuja kuutoa mkono wangu kifuani, taratibu, akaushika.

Ofisini niliingia nikijua nimekwisha.

"Ulisema lugha gani pale?" Madam akauliza.

"Ya kwetu. Ndivyo tunavyomwambia mfiwa." Kisha, kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza, nikaongeza, "Mama yangu amefariki. Wiki ile ya pili."

Akafungua daftari la mahudhurio, akashuka nalo kwa kidole mstari kwa mstari. "Hukukosa hata siku moja."

"Karatasi ilisema tusikose."

Akavua miwani. Alinitazama, si kwa ukali.

"Karatasi ile niliiandika kwa sababu ya mwalimu mmoja mlevi, kila Jumatatu anaumwa tumbo. Msiba ni kitu kingine. Ungeniambia siku ile, jioni yake ningekupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Siku saba, hata kumi. Kwa nini hukuomba?"

Haikunipitikia kabisa kwamba jambo kama lile mtu anaweza kuomba. Mimi huambiwa sheria nikaishika, ndivyo nilivyo.

Akasukuma mkataba mezani. "Umepita," akasema. "Neno moja la kwenu halifuti kipindi kizima. Miaka miwili. Saini hapa chini."

Nikasaini. Kazi nilikuwa nimeipata, na mama sikumzika, bure.