Shangazi Bila Viatu

Shangazi yake afisa habari wa chama cha wajane, fundi cherehani, alikuja kupigwa picha ya bango la chama amevaa gauni aliloshona mwenyewe na viatu vipya. Afisa akamwambia, "Vua viatu, shangazi, na usicheke. Mfadhili hamsaidii anayecheka."

"Haya, baba. Kazi yako unaijua mwenyewe."

Michango ikamiminika. Lakini wateja wa shangazi wakahama. Nani ampe kitambaa cha harusi fundi asiye na hata kandambili?

Roho ikamsuta afisa. Akamfuata kwake na kamera ampige picha nyingine, akiwa kazini, acheke apendavyo. Akaikuta cherehani imefunikwa shuka. Shangazi alipoiona kamera, aliinama, akaanza kuvua viatu.