Ua la Tano la Kęstas

Kila ilipopigwa kona, Kęstas alisimama pale pale kwenye nukta ya penalti, nywele zimelowa, jezi namba tisa, akimkodolea macho Vidmantas. Hakuna mwingine aliyemwona. Wangemwonaje, na kaburi lake lina miaka kumi na tisa?

Siku ya ajali ile Vidmantas Gerulis alikuwa kipa anayechipukia. Mvua ilikuwa inanyesha, mpira ukaja juu, akatoka langoni kuufuata kama alivyofundishwa, na goti lake likampata kichwani Kęstas Norvaiša, mshambuliaji wa timu pinzani. Refa alisema si kosa. Madaktari walisema ni bahati mbaya. Lakini mlio wa goti lile haukumtoka masikioni.

Alidaka miaka kumi na moja zaidi, mjini Panevėžys, kisha Latvia, hata Poland kidogo, na hakuuacha tena mstari wa goli. Mashabiki wakambandika jina la Komeo. Alipokuwa kocha wa makipa wa timu ya wanawake ya mjini kwao, aliwafundisha hivyo hivyo. Sasa Ugnė, kipa wake mwenye mikono ya ajabu, alikuwa amefungwa mabao tisa ya kona msimu mmoja, na wakipoteza mechi ya Jumapili wanashuka daraja.

"Kocha, mpira unanipita puani," Ugnė alilalamika Jumamosi mazoezini. "Niupungie mkono?"

"Baki kwenye mstari."

"Basi wekeni mdoli langoni, mimi nikalale zangu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Vidmantas hakucheka. Alikuwa anamwona Kęstas nyuma ya bega la msichana huyo.

Mazoezi yalimchelewesha. Ilikuwa Siku ya Wafu, na kila mwaka alikwenda makaburini alfajiri, kabla ya ndugu wa Kęstas. Mara hii alifika kwa muuza maua saa nane mchana.

"Ya kaburini?" mama yule aliuliza. "Manne au sita?"

"Matano."

"Matano ya nini, baba? Ya witiri tunawapa walio hai. Maiti hupewa shufwa, hata mtoto anajua."

"Nipe matano," alisema.

Kaburini alimkuta mwanamke mzee amepiga magoti, anafagia majani kwa mkono, mshumaa umeshawashwa. Bi Norvaišienė, mama wa Kęstas, aliinua uso, akayahesabu maua kwa macho.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kila mwaka nauliza ni mpumbavu gani huyu anamletea mwanangu maua ya harusi."

"Mama, najua hesabu yake. Nikileta manne nitakuwa nimekubali kwamba amekufa, na kwamba mimi ndiye niliyemuua."

"Hivi wewe ndiye wa kukubali? Mimi ndiye niliyemvalisha suti ya kuzikiwa." Mzee akajifuta vidole. "Usidhani nimekusamehe. Asubuhi nakusamehe, ikifika jioni nimeshaghairi. Lete hapa."

Akayachukua maua, akalaza manne juu ya kaburi. La tano akalikata kikonyo, akamchomeka Vidmantas kifuani, kwenye tundu la kifungo cha koti.

"Hili ni la aliye hai. Wa humu ndani hana kazi nalo."

Jumapili, dakika ya themanini na nane, timu zilikuwa sare ya bila kufungana, na sare ingewabakiza kwenye daraja. Wapinzani wakapata kona. Kęstas alikuwa pale pale. Ugnė alitupa jicho pembeni kwa kocha wake, kama mtu anayeomba ruhusa. Vidmantas alishika kifua, ua likamvunjikia vidoleni.

"Toka!" alipiga kelele. "Ugnė, toka!"

Alitoka. Akaruka juu ya vichwa, goti mbele, akagongana na mshambuliaji wa wapinzani, wote wawili wakaanguka. Vidmantas alisikia mlio ule ule.

Ugnė aliinuka kwanza, mpira umo kwapani. Akampa yule msichana mkono. Msichana naye akainuka, akajipangusa matope, akatukana, na mchezo ukaendelea.

Vidmantas akaitazama nukta ya penalti. Palikuwa na nyasi tu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameiomba siku hii, na filimbi ya mwisho ilipolia na wasichana wakamrukia kwa furaha, walimkuta anamlilia Kęstas kwa mara ya kwanza.