Kurasa za Mwezi wa Sita

Kurasa za mwezi wa sita zilikuwa thelathini na nane. Nilizitoa kwenye rundo taratibu, kama mtu anayechambua majani mabovu kwenye fungu la mboga, nikazilaza kifudifudi kwenye kiti cha pembeni. Kisha nikaligonga rundo lililobaki juu ya meza, upande huu na upande ule, mpaka kingo zikakaa sawasawa. Lilinipendeza. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko nipendavyo.

Mama alikuwa ananyoosha nguo karibu na dirisha. Pasi ilikuwa ikienda na kurudi.

"Hizo unazitupa?" akauliza bila kuinua macho.

"Si za kuwaonyesha watu, Mama."

"Si ulisema watu wa viza wanataka kujua kama ndoa yenu ni ya kweli?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nawachagulia yaliyo mazuri."

Akaligeuza shati, akaishughulikia kola. "Mimi na baba yako wangetudai ushahidi, ningewapelekea zile wiki mbili alizolala sebuleni. Mtu asiye mume wako utamnunia wiki mbili nzima, una kichaa?"

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa sababu ulikuwa utani. Sijui yeye alicheka kwa nini.

Mke wangu ni nesi. Miezi saba baada ya kufunga ndoa alipata kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, na sheria ya huko ilitaka afanye kazi mwaka mzima kwanza, ndipo aombe mumewe amfuate. Tukajiambia mwaka ni nini. Tulikuwa tumetoka chuo juzijuzi, tukiamini kwamba watu wawili wanaopendana hawana cha kuogopa mbele ya karatasi. Uwanja wa ndege hatukulia hata kidogo. Tulikuwa tunapangiana nani atapika siku zipi, kana kwamba anakwenda dukani na atarudi.

Mimi nilikuwa nahariri vitabu vya shule katika nyumba ndogo ya uchapishaji, chumba kimoja chenye meza tatu na feni inayolalamika. Mwandishi analeta mswada wa sura kumi na mbili. Mimi namrudishia tisa, namba za kurasa zimepangwa upya, na msomaji hatajua maishani mwake kwamba pale katikati kulikuwa na kitu. Nilikuwa na mkono mwepesi wa kukata, na nilijivunia. Meza ya pili alikaa msahihishaji mkongwe tuliyemwita Mzee Nukta, maana hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Kila Jumatatu alinisubiri na lake.

"Bibi harusi, bado hawajaja kukuchukua?"

"Bado, Mzee."

"Basi vumilia, mwanangu. Na mapozi upunguze, wasije wakasema umeharibikia kwenu."

Ofisi nzima iliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kutaniwa kwa ajili ya mke wangu kulikuwa raha. Ilikuwa njia ya kulitaja jina lake kazini.

Mwaka ulipotimia, ofisi ya viza ya nchi ile ikatuletea orodha ya vielelezo. Cheti cha ndoa, picha, barua ya mwajiri wake, na "mawasiliano ya kila mwezi tangu siku ya ndoa, kuthibitisha kwamba uhusiano ni wa kweli na unaendelea." Mke wangu alikuwa anafanya zamu za urefu wa saa kumi na mbili. Akasema, kazi ya karatasi ni yako, wewe ndiye fundi wa karatasi. Nikachapisha jumbe zetu zote za simu. Kurasa mia nne na ushee. Nikakaa nazo siku tatu kama ninavyokaa na mswada.

Na ndipo nikaufikia mwezi wa sita.

Aliondoka akiwa na mimba, ila hakuna aliyejua. Aligundua baada ya kufika, akaniandikia nikiwa kazini, nikasimama katikati ya ofisi nikakaa tena bila sababu. Tulikuwa na mtoto kwa wiki tano. Tarehe tatu ya mwezi wa sita alianza kutokwa na damu akiwa wodini, kati ya wagonjwa wake, na kufikia jioni walimlaza kwenye kitanda alichokuwa amekitandika mwenyewe asubuhi.

Yaliyofuata yalichukua siku arobaini na moja na kurasa thelathini na nane. Alikuwa ananiandikia sentensi fupi fupi, zisizo na kichwa wala mkia. Mimi nikamjibu kwa aya. Nilimwandikia kuhusu subira na mapenzi ya Mungu na siku njema zijazo, maneno yaliyopangwa vizuri, na akanijibu: *Acha kuniandikia kama kitabu cha darasa la saba. Lia. Kama huwezi kulia nyamaza.* Tukagombana. Tuliyasema yale ambayo watu wenye akili zao hawaambiani. Kisha tukapatana, polepole, kwa aibu, kama wagonjwa wanaojifunza kutembea.

Nikiwa mezani kwa Mama, mwaka mmoja baadaye, nilijiambia kwamba hayo hayamhusu karani yeyote. Nikabakiza tarehe mosi na tarehe mbili, salamu za asubuhi na picha ya viatu vyake vipya vya kazi. Kutoka hapo nikaunganisha na tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba, tulipokuwa tumeanza tena kutaniana. Nikapanga upya namba za kurasa. Mkono mwepesi.

Sikumwambia. Aliniuliza tu, "Umepeleka zote?" nikamjibu, "Nimepeleka," na nikahesabu moyoni kwamba huo si uongo.

Waliniita kwa mahojiano mwezi wa nane. Nilivaa shati lile lile alilolinyoosha Mama. Nyuma ya kioo alikuwepo mama mmoja mwenye mafua, miwani ikining'inia kifuani, sauti ikitoka kwenye kitundu kidogo kama redio mbovu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali. Rangi ya mswaki wake naijua. Jina la msimamizi wake nalijua. Anachokula akichoka, upande anaolalia, wimbo anaouimba akiosha vyombo na anavyoukosea. Nikajibu yote, naye akawa anatia alama, akipenga kamasi, akiomba radhi.

Kisha akaiacha kalamu.

"Tangu mfunge ndoa," akasema, "ni kipindi gani kimekuwa kigumu kuliko vyote?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi sana tangu siku ile, na kila mara naona lilivyoulizwa kwa upole. Hakuwa ananitega. Alikuwa amenifungulia mlango na kusimama pembeni.

"Umbali," nikasema. "Umbali tu. Vinginevyo, sisi hatujawahi hata kugombana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akanitazama kidogo, akavaa miwani, akaandika mstari mmoja. Nilishuka ngazi za jengo lile nikipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye walimpigia mke wangu, saa ya mapumziko yake. Alipomaliza kuongea nao akanipigia mimi. Nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi, mkono mmoja umeziba sikio.

"Wamenipigia."

"Enhe! Wanasemaje?"

"Kaniuliza kipindi kigumu." Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda yakisukumwa. "Nikamwambia mwezi wa sita. Mtoto, hospitali, ugomvi wetu, yote. Nikamwambia fungua faili, soma, sisi wawili tumo humo uchi kama tulivyozaliwa." Magurudumu yakafifia. "Kaniambia hamna kitu kama hicho. Kaniambia mume wako anasema hamjawahi kugombana."

Nilishuka ngazi mbili, nikapanda tena.

"Upo?"

"Nipo."

"Umezitoa?"

"Nilitaka kumlinda."

"Nani?"

"Mtoto. Sikutaka mtu baki amsome huku anakunywa chai."

"Na lile neno lako," akasema, "nalo ulikuwa unamlinda nani?"

Lile neno. Nililiandika siku ya kumi na mbili ya ule ugomvi, mchana, nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini. *Ungekubali kupumzika badala ya kukimbilia zamu za ziada, mtoto angekuwepo.* Nililiandika kwa utulivu. Nikalisoma kabla ya kulituma, maana mimi husoma kila kitu kabla ya kukituma, nikaliona limekaa vizuri, nikalituma. Mambo yote niliyojiambia mezani kwa Mama kuhusu heshima na siri za nyumba yalikuwa pazia lililotundikwa mbele ya sentensi hiyo moja. Karani angesoma habari za mtoto wetu mara kumi, ningevumilia. Hilo tu asilisome.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilishakusamehe!" Ndiyo mara pekee aliyopandisha sauti. "Uliniomba siku tisa baadaye, nikakusamehe. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu saa nzima natafuta namna ya kukuandikia. Ilikuwa humo humo. Umejitoa wewe, ukautoa na msamaha wangu."

Watu walikuwa wanapanda ngazi. Nikawapisha.

"Na yule mtoto," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, ile anayowasemea wagonjwa, "hana cheti. Hana kaburi, hana jina. Dunia nzima aliandikwa pale tu."

Akasema mapumziko yamekwisha, akakata.

Barua ilikuja baada ya mwezi. *Maelezo ya wanandoa yanatofautiana katika jambo la msingi. Ofisi haijaridhika kwamba uhusiano ni wa kweli.* Mzee Nukta aliisoma, akaitafutia kosa toka juu mpaka chini kwa mazoea yake, akanirudishia. Tangu siku ile hakuniita bibi harusi tena. Nilikuja kugundua kwamba naukosa utani ule kama mtu anavyokosa jino.

Tulikata rufaa. Safari hii nilipeleka kurasa zote, kila moja na namba yake ya asili, na juu yake maelezo yangu ya kukiri nilichofanya. Niliyaandika mara moja na sikuyasoma tena. Ilibidi tusubiri miezi kumi na minne. Mwanzoni nilidhani adhabu ni kule kusubiri kwenyewe, kufungua tovuti kila asubuhi na kukuta maneno yale yale, *ombi lako linashughulikiwa*. Adhabu ilikuwa kwingine. Katika miezi ile mke wangu alijifunza kuishi. Alihama chumba peke yake, akabeba kabati ghorofa ya tatu na jirani. Mwezi wa tano alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na mimi nilipata habari baada ya wiki, jeraha limeshafunga.

"Mbona hukuniambia?"

"Yamekwisha, mume wangu. Ningekusumbua bure."

Aliyasema kwa upendo kabisa. Hapakuwa na kisasi ndani yake, na ningefurahi kama kingekuwepo.

Nikaanza kuzisoma upya jumbe anazoniletea, kwa jicho la kazi. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa na salamu, hali ya hewa, kichekesho cha mgonjwa aliyegoma kuoga. Hazikuwa na kosa. Hakuna mahali nilipoona alama ya kukatwa.

Ruhusa ilitoka. Mke wangu alinipokea uwanja wa ndege amevaa koti kubwa, tukakumbatiana mpaka watu wakaanza kutuzunguka na mizigo yao. Mama alipopiga simu mke wangu alimwimbia wimbo wa furaha, na Mama akalia, na mimi nikalia. Tuna vyumba viwili sasa. Nimepata kazi ya kupanga vitabu katika ghala, nazidi kuizoea lugha yao. Yeye anapika Jumanne na Alhamisi, mimi siku zilizobaki. Ukitutazama kutoka nje ungesema tumeshinda, na labda kweli tumeshinda.

Jana alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akavua viatu mlangoni, akabaki ameshika ukuta kidogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Kulikuwaje?"

"Salama tu." Akatabasamu. "Na wewe?"

Nilikuwa nimelishika jibu mdomoni, lile la kila siku. Nikaliacha.

"Msimamizi kanifokea mbele za watu," nikasema. "Nimekosea mzigo mzima. Nikaenda nikalia chooni. Halafu nikakuchukia wewe kwa kunileta huku. Kama dakika kumi hivi, nilikuchukia kweli."

Aliuachia ukuta, akaja akavuta kiti, akakaa mbele yangu na koti lake mwilini.