Mama Mdogo Ndani ya Gemu

Kinyaa kilimpanda dada mtu hadi kooni, akahisi mate yamejaa mdomoni na hana pa kuyatema. Mdogo wake alikuwa amefungua gemu lao sebuleni, mbele ya mama mdogo aliyewalea, na dada ndiyo kwanza anaona picha alizochora zilivyogeuzwa.

Gemu lenyewe lilikuwa la mzaha. Waliiga lile maarufu la zamani, la kuruka na kukanyaga, kwa vidoti vikubwa na muziki wa kukwaruza masikio. Ila kwenye lao shujaa, baada ya kuhangaika kote huko, alitakiwa afike kwenye ngome asikute binti mfalme wa kuokolewa. Amkute mama mdogo mlangoni, mikono kiunoni, amfokee kwa kuingia na viatu vya matope. Dada alimchora kidoti kwa kidoti, pamoja na kuchechemea kwake, maana bila huko asingekuwa yeye. Programu aliandika mdogo wake.

Sasa mama mdogo wa kwenye gemu hakuwa mlangoni. Alikuwa njiani, pamoja na madude ya kukanyagwa, akichechemea huku na huku. Shujaa akimkanyaga, anapasuka ute wa kijani na meno yanaruka.

"Umefanya nini, we mshenzi?" dada alinong'ona.

"Waliolijaribu gemu walisema mwisho hauchekeshi," mdogo wake akanong'ona naye. "Tulia bwana, hawezi kujijua. Vidoti tu hivyo."

Hawezi kujijua! Mtu amekuogesha, amekupangusa kamasi kwa kiganja chake, nawe unamgeuza mende. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Dada alitamani kuchomoa waya, lakini mama mdogo alikuwa keshavuta kiti, miwani puani, furaha tele, na kuchomoa kungekuwa sawa na kumwambia. Akabaki kuomba shujaa atumbukie shimoni mapema.

Wapi! Mama mdogo alijifunza upesi. Akaruka mashimo yote, akafika. Akamwona yule mwanamke anayechechemea, akaondoa kidole kwenye kibodi. Mwanamke akaja polepole, akamgusa shujaa, shujaa akafa. Mama mdogo akaanza upya, akafika tena, akamsubiri tena apite. Shujaa akafa tena.

"Mkanyage, mama!" mdogo mtu akacheka. "Hapo hupiti bila kumkanyaga!"

"Nimkanyage mgonjwa wa mguu?" Mama mdogo akamsogezea kibodi. "Hebu mkanyage wewe, mwanangu. Nione."

Kicheko kikamkauka. Akamgeukia dada yake amwokoe; dada akamtazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula. Mdogo mtu angeweza kusema samahani. Neno moja tu, na mama yule alikuwa na kawaida ya kusamehe kabla hujamaliza kuomba. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na yeye aliona aibu kushindwa mbele ya watu wawili. Akabonyeza.

Kijani kikatapakaa kwenye skrini nzima.

"Haya," mama mdogo akasema, akivua miwani. "Nimeona."